Uondoke kazini ukiwa na 45, 55 au 60? Ulinganisho kwa mfanyakazi wa Uganda

"Nifanye kazi miaka mingapi ndipo nistaafu?" Swali hili huulizwa sana na watu wanaokaribia miaka arobaini na mitano, na jibu wanalopata hutegemea wamemuuliza nani. Jirani aliyejenga vyumba vya kupangisha atakwambia toka sasa hivi. Mkuu wa shule aliyebakiza miaka miwili atakwambia vumilia. Kila mmoja anakusimulia maisha yake, si yako.

Hapa nimeziweka njia nne sambamba: kuondoka ukiwa na miaka 45, kuondoka ukiwa na 55, kukaa hadi 60, na kutoweka tarehe yoyote, kama wafanyavyo wakulima na wenye biashara zao. Ili zilinganike, nimemchukua mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka 24. Akitoka na 45 atakuwa ametumikia miaka 21. Akitoka na 55, miaka 31. Akifika 60, miaka 36. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna miaka 15, karibu muda wote ambao mtoto hutumia kutoka darasa la kwanza hadi shahada. Ndiyo maana uamuzi huu hauhusu mfanyakazi peke yake.

Kwanza ujue uko kundi gani

Ukiwa mtumishi wa serikali, yaani mwalimu wa shule ya serikali, muuguzi wa hospitali ya wilaya, karani au mhandisi wa wizara, umri wa lazima wa kustaafu ni 60. Unaruhusiwa kuomba kustaafu mapema ukitimiza 45, mradi umetumikia miaka 10 au zaidi. Pensheni yako inatoka serikalini na hukatwi mshahara kwa ajili yake. Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: idadi ya miezi uliyotumikia, mara mshahara wako wa mwaka, gawanya kwa 500. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka mzima. Theluthi moja ya pensheni hiyo unalipwa mapema kwa mkupuo, ya miaka 15 kwa pamoja, na hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki unalipwa kila mwezi. Miaka 15 ikiisha, unarudishiwa pensheni kamili. Kikomo ni asilimia 87 ya mshahara, ambayo hufikiwa baada ya miezi 435, yaani miaka 36 na miezi mitatu. Anayeanza kazi na 24 na kukaa hadi 60 anakaribia kabisa kikomo hicho.

Ukiwa kwenye kampuni, shirika lisilo la kiserikali, shule binafsi au hoteli, wewe ni wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Unakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 10. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Zamani waliobanwa ni wenye wafanyakazi watano na kuendelea. Akiba yako unaipata yote ukifika 55, au ukifika 50 ikiwa umekaa mwaka mzima bila ajira. Ukiwa na 45 na umechangia miaka 10, unaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba. Mwenye ulemavu anaweza kuchukua hadi asilimia 50 akiwa na miaka 40. Hakuna malipo ya kila mwezi. Unapewa mkupuo, mengine ni juu yako.

Ujue pia kwamba 55 ni umri wa kuchukua akiba, na hautaji siku ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira ya 2006 haikuweka umri wa kustaafu kwa sekta binafsi. Umri huo umo kwenye mkataba wako au kanuni za kampuni, na mara nyingi ni 55 au 60. Wapo watu wengi ambao hawajausoma mkataba wao tangu siku walipousaini.

Wanajeshi wana kanuni zao zinazofuata cheo, kwa hiyo wasizichukue hesabu za hapa kama zao. Majaji nao wana yao: wa Mahakama Kuu hutoka na 65, wa Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu hutoka na 70. Ukiwa jaji, huenda huhitaji makala haya.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila njia kwa mambo manne. Fedha: utashika nini siku ya kutoka, na nini kitaingia kila mwezi baada ya hapo. Watoto: nani bado anasoma. Mwili: una nguvu gani, na nani atalipa hospitali. Kazi ya pili: utafanya nini siku inayofuata, maana kustaafu kwa kukaa barazani tu ni jambo ambalo Waganda wachache sana wanalimudu.

Kwa kigezo cha watoto nina kanuni moja ndogo. Chukua umri uliokuwa nao alipozaliwa kitinda mimba wako, ongeza 22. Ni miaka sita kabla ya shule, saba ya msingi, sita ya sekondari hadi S6 (kidato cha sita), na mitatu ya shahada fupi. Ulimpata ukiwa na 38? Basi atamaliza ukiwa na 60. Ulimpata ukiwa na 30? Amemaliza ukiwa na 52. Kwa familia nyingi, namba hii inasema zaidi kuliko tarehe yoyote iliyo kwenye sheria.

Kwa kigezo cha fedha nimetumia watu wawili wa mfano. Mwalimu wa msingi anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi, ambayo ni karibu na hali halisi. Na mfanyakazi wa kampuni anayelipwa 1,000,000, ambaye NSSF inapokea 150,000 zake kila mwezi, na riba nimeikadiria asilimia 10 kwa mwaka. Mfuko umewahi kutangaza zaidi ya hapo, 11.5 kwa mwaka wa fedha 2023/24, na chini ya hapo pia, 9.65 kwa 2021/22. Nimeacha mishahara isimame palepale ili hesabu ifuatike. Ya kwako bila shaka itapanda, na mafao yatapanda nayo.

| | Kutoka na 45 | Kutoka na 55 | Kutoka na 60 |
|---|---|---|---|
| Miaka kazini | 21 | 31 | 36 |
| Mwalimu: kiinua mgongo | 15,120,000 | 22,320,000 | 25,920,000 |
| Mwalimu: pensheni ya mwezi | 168,000 | 248,000 | 288,000 |
| Mwalimu: pensheni ya mwezi baada ya miaka 15 | 252,000 | 372,000 | 432,000 |
| NSSF: akiba yote | milioni 115.2 | milioni 327.5 | milioni 538.4 |
| NSSF: kwa bei za siku alipoanza kazi | milioni 41.4 | milioni 72.2 | milioni 93 |

Mstari wa mwisho usiuruke. Nimeukokotoa kwa kudhani bei zinapanda asilimia 5 kila mwaka. Milioni 327 zinazosikika kama utajiri, ukizipima kwa bei za siku ile alipoajiriwa, ni milioni 72. Bado ni fedha nzuri, lakini si ile nyumba ya ghorofa aliyoiota.

Kuondoka na miaka 45

*Fedha.* Kwa mwalimu, hesabu inayofaa ni ya pengo. Mshahara wa 500,000 hukatwa kodi ya mapato 52,000, anabaki na 448,000. Pensheni haikatwi kodi. Katiba ibara ya 254 imesema hivyo. Akitoka na 45 atapata 168,000 kila mwezi, kwa hiyo pengo ni 280,000. Kazi yake ya pili ikimwingizia kiasi hicho, amelingana na alipokuwa, na ana milioni 15 kando.

Milioni hizo 15 zinaweza kuziba sehemu ya pengo bila yeye kutoka jasho. Hatifungani za serikali, yaani bondi, huuzwa na Benki Kuu ya Uganda kuanzia shilingi 100,000, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Kwa bondi ya miaka 10, tukichukua riba ya asilimia 14 kwa mfano, milioni 15 zingezaa 2,100,000 kwa mwaka. Ukiondoa kodi ya asilimia 10 inayokatwa kwenye bondi za muda huo, zinabaki 1,890,000, sawa na 157,500 kwa mwezi. Pengo limepungua kwa zaidi ya nusu. Tatizo ni kwamba fedha hizo zikifika, kila shemeji anakuwa na wazo la biashara.

Kwa mtu wa NSSF mambo ni tofauti kabisa. Akitoka na 45 hapati akiba yake. Anapata asilimia 20 tu, kama milioni 23 katika mfano wetu. Zilizobaki zitaendelea kuzaa riba hadi afike 50, ambapo atazikuta kama milioni 148, mradi amekaa mwaka mzima bila ajira. Miaka mitano ya katikati aiendeshe kwa njia nyingine. Kwa hiyo wale wanaosema "nitatoka na arobaini na tano nichukue NSSF yangu" wamechanganya mambo mawili.

Na hata asiyeacha kazi, ile asilimia 20 ina bei yake. Milioni 23 zikiachwa mfukoni kwa riba ya asilimia 10 zingekuwa karibu milioni 60 akifika 55. Kuzichukua kumalizia nyumba ambayo ingekulazimu kulipa kodi ya pango miaka yote hiyo kunaweza kuwa na maana. Kuzichukua ili kubadilisha gari, sioni maana yake.

*Watoto.* Hapa ndipo 45 inapowakwamisha wengi. Ukirudi kwenye ile kanuni, anayetoka na 45 bila deni la karo ni yule aliyempata kitinda mimba akiwa na miaka 23. Wengine wote watatoka watoto wakiwa sekondari au bado msingi.

*Mwili.* Faida kubwa ya njia hii. Mtu wa 45 bado anaweza kulima, kusafiri hadi Busia au Malaba kufuata bidhaa, kuamka saa kumi na moja alfajiri. Uganda bado haina bima ya afya ya taifa, kwa hiyo aliyekuwa na bima ya kampuni anaipoteza siku anapokabidhi kitambulisho cha kazi. Katika umri huu wengi hawaitumii sana. Mke aliye katika umri wa kuzaa na watoto wadogo ni habari nyingine.

*Kazi ya pili.* Muda upo. Mibuni ya robusta huanza kuzaa vizuri baada ya miaka kama mitatu, mikaratusi hutaka minane hadi kumi ndipo iuzwe kwa bei nzuri. Mwalimu mzuri wa hisabati hapati shida ya kupokewa na shule binafsi. Aliyepanda miti na kahawa akiwa na 45 anavuna akiwa bado na nguvu za kuvuna.

*Anayefaa.* Mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ya pili tayari inaingiza fedha. Nasisitiza *tayari*. Shamba lililo kwenye daftari halilishi mtu. Na aangalie neno analoandika kwenye barua: kujiuzulu na kustaafu mapema ni mambo mawili, na barua ya kujiuzulu inaweza kukupotezea pensheni yote.

Kuondoka na miaka 55

*Fedha.* Huu ndio umri ambao watu wa NSSF huuwazia, na kwa maoni yangu ndio wenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu fedha zote zinakuja siku moja. Mwalimu akikosea na kiinua mgongo chake, mwezi ujao pensheni itaingia. Mtu wa NSSF akikosea, hakuna mwezi ujao. Tuchukue milioni 327 za mfano wetu: zikienda zote kwenye jengo la vyumba vya kupangisha ambalo halikumalizika, ana kuta na hana kodi. Zikigawanywa, sehemu kwenye bondi, sehemu kwenye jengo dogo lililokamilika, sehemu ikabaki palepale NSSF, ana kitu kinachofanana na pensheni aliyojitengenezea mwenyewe. Halazimiki kuchukua zote siku ya kwanza. Akiba iliyoachwa mfukoni huendelea kupata riba, jambo ambalo wengi hawalifikirii wanapokimbilia fomu siku ya kuzaliwa.

Kinachowasukuma ni woga, na woga huo una historia. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walisubiri mafao yao kwa miongo. Mwaka 2012 ikafichuka kwamba fedha za pensheni zilikuwa zikilipwa kwa wastaafu hewa, huku wastaafu wenye nyama na damu wakipanga foleni. Mtu aliyeyasikia hayo nyumbani kwao tangu utotoni anataka fedha yake mkononi, na simlaumu.

Kwa mwalimu, 55 ni ya kati. Pensheni 248,000, pengo 200,000. Kulima mboga au kufundisha watoto wa jirani jioni kunaweza kuliziba. Ila aangalie mkopo wa mshahara. Walimu wengi hufika umri huu wakiwa bado wanakatwa na benki, na salio la mkopo likilipwa kutoka kwenye kiinua mgongo, zile milioni 22 zinaweza kufika nyumbani zikiwa 12.

*Watoto.* Aliyempata wa mwisho na 33 yuko huru. Aliyempata na 38 bado ana mmoja S4 au S5, miaka ambayo karo na ada za mitihani huwa juu.

*Mwili.* Kwa kazi za kukaa, 55 ni umri wa nguvu. Kwa dereva wa lori wa njia ya Mombasa hadi Kampala, fundi mwashi au muuguzi wa zamu za usiku, mgongo na macho vimeshaanza kudai haki yao. Shinikizo la damu na kisukari huonekana sana kuanzia hapa, na ndipo bima ya kampuni inapoondoka. Ikiwa mwenzi wako bado ana kazi yenye bima, hilo peke yake linaweza kukuamulia.

*Kazi ya pili.* Biashara iliyoanzishwa angalau miaka miwili kabla ya kutoka, ikajikwaa na kusimama wakati mshahara bado unaingia, ina nafasi nzuri kuliko ile inayofunguliwa mwezi mmoja baada ya sherehe ya kuagwa.

*Anayefaa.* Mtu wa sekta binafsi ambaye nyumba ya kuishi ameshaimaliza, hana mkopo, na ana nidhamu ya kukataa. Ikiwa huwezi kumwambia ndugu yako hapana ukiwa na laki tano, hutaweza ukiwa na milioni mia tatu.

Kukaa hadi 60

*Fedha.* Kwa mtumishi wa serikali, jedwali linazungumza lenyewe: kiinua mgongo karibu milioni 26, pensheni 288,000, na anayefikisha 75 anarudishiwa 432,000. Kutoka 45 hadi 60 pensheni ya mwezi imeongezeka 120,000 tu, jambo linaloweza kumfanya mtu aone amekaa bure. Hesabu hiyo inasahau kitu. Katika miaka hiyo 15 alikuwa akipokea 448,000 kila mwezi, si 168,000. Na kupandishwa cheo dakika za mwisho kunabadilisha kila kitu, kwa sababu pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa mwisho na huzidishwa kwa miezi yote, hata ile ya mshahara mdogo. Walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada, waliopandishiwa mshahara hadi milioni 4 mwaka 2022, wanalijua hili vizuri: aliyestaafu kabla ya nyongeza na aliyestaafu baada yake wako katika madaraja mawili ya maisha, hata kama walifundisha darasa moja.

Kwa mtu wa NSSF ambaye mkataba unamruhusu, miaka mitano ya ziada inaongeza akiba kutoka milioni 327 hadi 538. Ni riba juu ya riba ndiyo inayofanya kazi. Michango yake ya miaka hiyo ni milioni 9 tu.

*Watoto.* Wengi wamemaliza. Badala yao wanaanza kuja wajukuu, na karo zao pia zina namna ya kufika kwa babu.

*Mwili.* Hapa kuna upande ambao wenye kusifu 60 hawautaji. Baadhi ya wenzetu hawafiki, na baadhi wanafika wakiwa wamechoka kiasi kwamba mashamba waliyopanga kulima wanayakodisha. Anayetoka akiwa na 60 ajipangie kazi isiyohitaji mabega yake.

*Kazi ya pili.* Mifugo michache, kodi za vyumba, duka linaloangaliwa na mwana mwaminifu, ushauri wa kitaalamu kwa mikataba mifupi. Mibuni bado inawezekana. Mikaratusi iliyopandwa siku ya kustaafu utaiuza ukiwa na 70.

*Anayefaa.* Mwenye watoto wadogo, mwenye mkopo, aliyechelewa kuajiriwa, na yule anayeipenda kazi yake. Huyo wa mwisho husahauliwa, lakini wapo wengi.

Kutoweka tarehe

Waganda wengi wako hapa, nje ya ajira rasmi: wenye vibanda sokoni, waendesha boda boda, mafundi cherehani, wakulima. Hakuna mwajiri wa kuongeza asilimia 10, hakuna kikomo cha miaka, na hakuna anayekuandikia barua ya kuondoka. *Fedha* ni ile unayojiwekea. NSSF inapokea akiba za hiari kutoka kwa watu wasioajiriwa, SACCO, yaani chama cha ushirika cha kuweka na kukopa, ikisimamiwa vizuri inafaa kwa mikopo ya biashara, na bondi ya 100,000 iko ndani ya uwezo wa mama muuza samaki. *Watoto* wanasomeshwa na mauzo ya kila siku, kwa hiyo siku ya ugonjwa ni siku bila karo. *Mwili* ndio unaoamua tarehe: mwenye kibanda cha vitambaa anaweza kuuza akiwa na 70, mwendesha boda boda akifika 50 ajue anakopa muda. Ruzuku ya wazee ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwezi na imelenga waliofikisha miaka 80, kwa hiyo usiihesabu kwenye mipango yako.

Njia hii *inamfaa* mwenye kazi anayoweza kuibadilisha taratibu: kutoka kuendesha pikipiki hadi kumiliki mbili zinazoendeshwa na vijana, kutoka kubeba magunia hadi kuyauza kwa jumla.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa mwalimu au muuguzi wa serikali, una 45 au 46, na kazi ya pembeni imekuwa ikiingiza 280,000 au zaidi kila mwezi kwa mwaka mzima, bila kuhesabu miezi ya mavuno peke yake, kustaafu mapema kuna maana. Ikiwa inaingiza nusu ya hiyo, rudia hesabu ukiwa na 50.

Ukiwa mtu wa NSSF na umechoka kazi ukiwa na 45, tafuta kazi nyingine kabla ya kutafuta kustaafu. Akiba yako haijaiva, na ile asilimia 20 haitakubeba hadi 50.

Ukiwa na 55, nyumba imeisha na kitinda mimba amemaliza, toka ukitaka, lakini igawe akiba kabla haijafika, na karatasi ya mgawanyo aione mwenzi wako. Kama mkataba unakuruhusu kukaa hadi 60 na afya ipo, miaka hiyo mitano ndiyo yenye thamani kubwa kuliko mitano yoyote iliyotangulia.

Uliyempata mtoto wa mwisho ukiwa na 38 au zaidi, 60 imeshakuchagulia, labda mwenzi wako awe na kipato cha kubeba karo peke yake.

Ukiwa umebakiza mwaka au miwili kufika daraja la juu la mshahara serikalini, usiandike barua yoyote hadi upandishwe.

Unayefanya kazi nzito, dereva au mwashi, hesabu miaka ya mgongo wako kabla ya miaka ya sheria, na uanze kuhamia kwenye kazi nyepesi ukiwa na 45 hata kama mafao utayachukua 55.

Na ikiwa umefungua faili lako na kukuta tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye barua ya ajira haifanani na ile ya kitambulisho cha taifa, au barua ya kuthibitishwa kazini haipo, acha kwanza mjadala wa umri. Nenda kwa afisa utumishi wa wilaya yako na NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, mwezi huu, kwa sababu faili lenye tarehe mbili hukwama vilevile, uwe umetoka na 45 au na 60.